Trekta Dogo Lichaguliwe kwa Kazi ya Mwaka wa Tatu

Mtu akishapata shamba la ekari 20 au 30 huko Handeni, Kisarawe au Kilosa, likiwa bado pori, huulizia bei ya trekta kabla hajalichunguza pori lenyewe. Macho yake yako kwenye vichaka vilivyo mbele yake, kwa hiyo hutafuta mashine itakayovishinda, na muuzaji humjibu kwa kipimo kimoja tu: farasi. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo imeanzia pabaya. Kusafisha pori ni kazi ya msimu mmoja, na kulizuia lisirudi ni kazi ya miaka yote inayofuata. Kila moja inataka mashine yake. Trekta dogo, yaani lile la farasi 25 hadi 45 lenye uzito wa kilo 1,000 hadi 1,800 hivi, ni la kazi ya pili. Ukilinunua kwa ajili ya ile ya kwanza utalivunja kabla hujavuna chochote.

Ushahidi mzito kuhusu kusafisha pori kwa mashine tunao hapa hapa nyumbani, Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga wakikusudia kusafisha ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza tu. Ekari zilizokuwa tayari kupandwa msimu ulipofika hazikufika hata 10,000, na Januari 1951 serikali ya London iliachana na mpango huo baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, mvua haba na uchukuzi mbovu zikiwemo, lakini kwa anayetaka kununua trekta leo sababu ya kiufundi ndiyo yenye faida. Kuangusha miti hakukuwashinda. Buldoza liliusukuma mti ukalala, na baadaye walifunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili makubwa, yakatembea sambamba na kulilaza pori lote lililokuwa katikati. Kilichowashinda kilikuwa chini ya ardhi. Mizizi ya vichaka vile ilipinda na kukwamisha zana za kuing'oa, na udongo wa Kongwa, wenye chembe ngumu za mchanga, ulizila diski za plau, kisha kiangazi kilipokaza ukawa mgumu kama zege. Mashine nyingi zilikuwa mitumba ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs, navyo havikufua dafu. Nguvu ilikuwepo ya kutosha, ila iliyotengenezwa kwa kazi nyingine.

Sasa mchukue mwenye trekta la kilo 1,300 anayefunga mnyororo kwenye kisiki cha mtundu. Trekta huvuta kwa jinsi tairi zinavyoshika ardhi, na tairi hushika kwa kadiri ya uzito uliozilalia. Farasi wa injini hawasaidii kitu ikiwa magurudumu yanazunguka pale pale. Kwenye udongo mzuri, mvuto wa trekta kama hilo hauzidi sana nusu ya uzito wake, yaani kama kilo 650, na kisiki chenye mizizi hai hakijali kilo 650. Dereva akiona limeshindwa, huupandisha mnyororo juu ya ekseli ya nyuma ili apate mshiko zaidi. Hapo ndipo watu hufa. Kisiki kikigoma, magurudumu ya nyuma huwa kama bawaba, pua ya trekta huinuka na trekta zima humwangukia dereva kwa muda usiofika sekunde mbili. Visiki vikubwa vikodishie kijiko au katapila kwa siku chache, au wape vijana wenye shoka na sululu wavichimbe kwa mkono. Gharama hiyo hutoka mara moja tu, na mwenye mashine ya tani 12 huondoka nayo akaitunze mwenyewe.

Kazi ya mwaka wa tatu ni tofauti kabisa. Miti ya miombo ikikatwa haifi. Mtundu na myombo huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi iliyobaki. Mkulagembe ni mkaidi zaidi, kwani ukiukata, mizizi huotesha machipukizi mengine. Wafugaji wa Baringo, Kenya, wanaijua adha hiyo kwa mathenge, mti ulioletwa ili kuzuia jangwa, sasa unachipua kila unapofyekwa. Kwa hiyo kila masika yakiisha, shamba huwa na nyasi za kifuani zilizochanganyika na machipukizi ya unene wa kidole gumba, na kinachotakiwa hapo ni slasha ya kufungwa nyuma ya trekta. Ukiinama kuitazama kwa chini utaona giaboksi, sahani nzito ya chuma inayozunguka, na visu viwili vilivyoshikwa pembeni kwa bolti moja moja. Visu hivyo havijakazwa. Vikizunguka hutanuka kwa kasi yake, na kikigonga kisiki hurudi nyuma badala ya kuvunjika, huku sahani ikiteleza juu ya kisiki hicho. Slasha nyepesi imetengenezwa kukata mashina ya unene wa sentimita 2.5, ya wastani sentimita 5. Kwa hiyo mwenye shamba apime kwanza machipukizi yake, achague slasha, ndipo slasha imchagulie trekta.

Kanuni ya mafundi ni farasi 5 kwa kila futi ya upana wa slasha. Slasha ya futi 5 inataka farasi 25, na hao ni farasi wanaofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Wanaoandikwa ubavuni mwa trekta ni farasi wa injini, na kiasi cha asilimia 15 hupotelea njiani, hivyo injini ya farasi 30 hadi 35 inatosha. Tuipime kazi yenyewe. Upana wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni mita za mraba 7,500 kila saa. Toa moja ya tano kwa ajili ya kugeuza na kupishanisha mistari, zinabaki 6,000, karibu ekari moja na nusu. Shamba la ekari 20 linafyekwa kwa saa 14. Hata ukifyeka mara tatu kwa mwaka, ni saa zipatazo 40. Anayekwambia kazi hiyo inataka farasi 70 anakuuzia dizeli ya kuchoma bure.

Kinachostahili kuongezewa fedha ni magurudumu manne yanayovuta, hasa penye miteremko ya Usambara au Uluguru na penye udongo wa mbuga unaonata mvua ikinyesha. Uzito nao unaweza kuongezwa bila kununua trekta kubwa: maji hujazwa ndani ya tairi za nyuma hadi robo tatu, na trekta hutulia. Tairi zenyewe ziwe za nyuzi nyingi, maana miiba ya migunga haichagui.

Pingamizi la kwanza lina uzito, nalo nalisikia kila mahali. Kwa fedha ya trekta dogo jipya mtu anaweza kupata Massey Ferguson kuukuu la farasi 45 au 50, na spea zake zinapatikana kila mji. Ni kweli. Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na hadi leo fundi wa mjini hulifungua na kulifunga bila kitabu. Mwenye ekari 50 za tambarare anayetaka pia kulima kwa plau na kuvuta tela achukue hilo, simpingi. Lakini kwenye mikorosho ya Mkuranga au Mtwara, ambako matawi hushuka hadi kiunoni na usafi chini ya mti ndio kinga ya moto na ndio njia ya kuokota korosho, trekta refu na pana hubaki nje ya kivuli, na majani yaliyo chini ya matawi yakafyekwa kwa mkono kama zamani. Tena matrekta mengi ya enzi ile hayana klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga klachi, PTO nayo hukatika, ilhali visu vya slasha bado vinazunguka kwa kasi yake na kulisukuma trekta mbele wakati wewe unataka lisimame. Kuna kifaa cha kufunga kwenye shafti kinachozuia msukumo huo. Wengi huuziwa trekta bila kuambiwa.

Wengine husema, basi pawatila, ni rahisi zaidi. Wakati wa kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, pawatila nyingi ziliingizwa nchini, na pale zilipokutana na majaruba ya mpunga yenye maji zilifanya kazi yake vizuri. Kwenye nchi kavu yenye udongo mgumu na visiki zilirukaruka na kumchosha dereva anayetembea nyuma yake, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ardhi hiyo. Yale matrekta madogo ya mitumba kutoka Japani ni chaguo bora kuliko pawatila, mradi mnunuzi aangalie jambo moja: mengi yana PTO ya mizunguko tofauti tofauti, na slasha nyingi zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ukiweka gia ya juu kwa kutojua maandishi ya Kijapani, kisu kinaweza kuchomoka kikiruka kama risasi.

Pingamizi gumu zaidi ni la kukodi. Ikiwa kazi yenyewe ni saa 40 kwa mwaka, kwa nini mtu anunue? Kwa mwenye ekari zisizozidi 20 jibu langu ni kwamba asinunue peke yake. Majirani watatu wenye ekari 20 kila mmoja wana kazi ya saa 120, na hapo trekta moja linaanza kujilipa. Kukodi kwa mtu wa mbali kuna tatizo la wakati. Machipukizi hudhoofika yakikatwa mara kwa mara yakiwa bado mateketeke, na nyasi zinafaa kufyekwa kabla hazijakomaza mbegu, kisha tena mwishoni mwa masika, Mei au Juni, kabla ya mioto ya kiangazi. Anayekodisha huja kwa ratiba yake, na mara nyingi ana plau na tela tu, slasha hana. Ukichelewa msimu mmoja, shina la kidole gumba huwa la mkono, slasha haikati tena, na unarudi kumtafuta mwenye katapila.

Limebaki jambo moja ambalo silijadili kwa bei. Uswidi iliagiza mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Fremu hufanya kazi pamoja na mkanda; ukiilaza ili upite chini ya mikorosho, fungua mkanda, na ukitoka, isimamishe na ujifunge tena. Trekta lisilo na fremu wala mkanda usilinunue, hata ukiuziwa kwa nusu ya bei.