Bunduki Moja kwa Ukungu wa Karatu na Vumbi la Digodigo

Bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa huchaguliwa kwa kuangalia umbali wa kupiga, uzito wa kichwa cha risasi, na njia ambayo silaha yenyewe itapitishwa kabla ya kufika porini. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro mambo hayo hubadilika ndani ya safari ya siku moja. Misitu ya nyanda za juu inayopakana na mashamba ya Karatu na Oldeani hufunikwa na ukungu asubuhi, na nyati humo huonekana akiwa mita 20 au 30 tu, nusu ya mwili ikiwa kichakani. Gari likishuka Mto wa Mbu, likapita Engaruka na Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha likapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Sale hadi Digodigo, ukungu umekwisha. Kuna miiba, joto na vumbi laini la majivu ya volkano. Mbele zaidi, upande wa Loliondo, nchi hufunguka, na pofu au kongoni aweza kuwa umbali wa mita 200.

Si kila sehemu ya njia hiyo ni ya kuwindia. Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa 1959, uwindaji umekatazwa. Kwingineko hufanyika kwa kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na silaha humilikiwa chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015. Uchambuzi huu unahusu chombo chenyewe: namna wawindaji na mabwana nyama wa Afrika Mashariki walivyofikia bunduki isiyo ya bei ya kifahari lakini yenye kudumu, na darubini ya kuifaa.

Wabatemi wa Digodigo, ambao wageni waliwaita Wasonjo, ni watu wa upinde. Sumu ya mishale ya Afrika Mashariki, itokayo zaidi kwenye miti ya jamii ya Acokanthera, hushambulia moyo baada ya kuingia katika damu, kwa hiyo mshale hauhitaji nguvu kubwa. Unahitaji kuchoma tu. Bunduki haina msaada huo. Kichwa cha risasi lazima kifike chenyewe kwenye moyo au mapafu, kikipita ngozi nene, misuli ya bega na pengine mfupa, bila kuvunjika vipande njiani. Nyati dume ana uzito wa kilo 600 hadi 800, na aliyejeruhiwa vibaya hujificha kando ya nyayo zake mwenyewe akingoja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mnunuzi ni la kupenya. Kasi na umbali huja baadaye.

Zamani wapo waliolijibu swali hilo kwa risasi ndogo. W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo kwa hakika ni Mauser ya milimita 7 ya kijeshi. Risasi zake zilikuwa ndefu, nyembamba, zenye koti gumu, na bei yake ilikuwa ndogo. Mwandishi Ernest Hemingway naye, katika safari ya 1933 na 1934 chini ya mwindaji bingwa Philip Percival, iliyofika Mto wa Mbu, alitegemea zaidi Springfield ya .30-06, bunduki ya asili ya kijeshi iliyotengenezwa upya na Griffin & Howe wa New York. Hoja ya urahisi wa bei ilikuwapo hata siku zile. Lakini Bell alikuwa amechunguza fuvu la tembo hadi akajua pa kupiga kutoka kila upande, na bunduki ya Bell huuzwa bila ujuzi wa Bell. Kanuni za uwindaji wa Tanzania zimeweka inchi .375 kuwa kipenyo cha chini kabisa kwa wanyama hatari, na zimefanya vyema.

Takwimu zinaeleza sababu. Risasi ya .303 waliyobeba askari wengi wa Waingereza husukuma kichwa cha gramu 11.3 kwa takriban mita 744 kwa sekunde, yaani jouli zipatazo 3,100. .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, husukuma gramu 19.4 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, jouli karibu 5,750. Uzito umeongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili na kasi haikupungua. Hapo ndipo siri ya kudumu kwake: kwa nyati wa mita 30 ina uzito wa kutosha, na kwa pofu wa mita 200 njia yake bado ni nyoofu. Ikirekebishwa kupiga shabaha kwenye mita 150, hupanda takriban sentimita 3 katikati ya njia na kushuka kama 8 kwenye mita 200. Kwa mnyama wa ukubwa huo mwindaji hahitaji kuhesabu chochote.

Idara za wanyama za Afrika Mashariki, hata hivyo, zilianzia kwingine. Zilipenda .404 ya W.J. Jeffery, yenye kichwa cha gramu 26 na kasi ya wastani, kwa kuwa iliingia katika Mauser ya kawaida. Bunduki za mitutu miwili za London zilikuwa za matajiri, na mpaka leo moja hugharimu sawa na gari jipya au zaidi. Tatizo la .404 lilikuja baadaye, na halikutokana na bunduki: miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kiliacha kutengeneza risasi kubwa za uwindaji, na silaha nzima ikabaki yatima rafuni.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na .458 ya Winchester, iliyotoka 1956 kwa bei nafuu na risasi za kupatikana. Ilikuwa na kasoro moja iliyowasumbua watu kwa miaka. Ganda lake ni fupi, kwa hiyo baruti ilishindiliwa mno ili kupata kasi iliyotangazwa. Risasi zikikaa muda mrefu katika joto, baruti iligandamana, ikawaka nusunusu, na kichwa kikatoka mtutuni polepole kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alitengeneza ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Risasi za .458 za sasa ni bora, lakini kisa hicho kinafaa kukumbukwa na yeyote anayenunua boksi la zamani lililokaa kwenye kabati la bati. Unafuu wa bunduki huanzia kwenye risasi zake: zinapatikana Arusha au la, na zimekaa wapi.

Baada ya risasi huja mtambo, na hapa fedha haifai kubanwa. Mauser ya 1898 ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti. Risasi inapotoka kwenye magazini, ukucha huikamata kitako tangu mwanzo na kutoiachia mpaka ganda tupu litupwe nje. Faida yake huonekana mkono unapotetemeka. Mwindaji aliyeshtuka huisukuma bolti mbele bila kuifunga, akaivuta nyuma na kuisukuma tena. Mtambo usio na ukucha wa namna hiyo waweza kuiacha risasi ya kwanza ndani ya chemba, huku ukisukuma ya pili nyuma yake, na vyote vikakwama. Mtambo wa Mauser huishika ile ya kwanza. Haiwezi kuachwa nyuma. Winchester ilipouondoa ukucha kwenye Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wawindaji wa Afrika walizing'ang'ania zile za kabla ya mwaka huo.

Ganda la .375 lina shida yake: ni refu, risasi nzima inafikia milimita 91, na mtambo wa kuimeza ulikuwa ghali. Aliyeushusha bei zaidi ni kiwanda cha Uherský Brod, katika iliyokuwa Czechoslovakia, kwa bunduki ya BRNO ZKK 602 na baadaye CZ 550. Zote mbili zina mtambo mrefu wa asili ya Mauser, vilengeo vya chuma imara, na reli ya darubini iliyochongwa juu ya mwili wenyewe, si kipande cha kuongezwa. Uzito wake, kilo 4 na zaidi, hulalamikiwa mlimani na kushukuriwa wakati wa kufyatua.

Hazikukamilika kwa kila kitu. Bolti ya CZ mpya hukwaruza mpaka izoeshwe. Kifyatulio chake, kikisukumwa mbele kwanza, huwa chepesi mno. Kinafaa kwenye shabaha ya karatasi na ni hatari kichakani, na mwindaji wa nyati afadhali asahau kwamba kipo. Mbao za kitako katika zile zenye risasi kubwa zaidi zimewahi kupasuka kwa sababu chuma hakikukaa sawasawa ndani yake, kasoro ambayo fundi huiondoa kwa kujaza gundi ngumu na kuongeza boliti ya kukatisha.

Darubini ndiyo sehemu ambapo wengi hukosea kwa kulipia wasichohitaji. Ukuzaji mkubwa hauna kazi mita 30 msituni. Jicho huona manyoya meusi tu, lisijue kama ni bega au paja. Darubini ya mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 6, ikiwekwa chini kabisa huonyesha zaidi ya mita 20 za upana kwa umbali wa mita 100, na macho yote mawili huweza kubaki wazi. Mwanga nao hupimwa kwa hesabu nyepesi: kipenyo cha lenzi ya mbele kigawanywe kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 24 kwa mara 4 hutoa mwanga wa milimita 6, karibu na ukubwa wa mboni ya jicho magharibi. Lenzi ya milimita 40 kwa mara 9 hutoa 4.4 tu. Kwa hiyo jua linapozama, darubini ndogo, ya bei ndogo, hutoa picha angavu kuliko kubwa iliyowekwa kwenye ukuzaji wake wa juu.

Kuna mambo mawili ya darubini yasiyopunguzwa. La kwanza ni nafasi ya jicho, isiyopungua sentimita 9. .375 hupiga teke karibu mara mbili ya .30-06, na aliyesogeza uso huachiwa hilali ya damu juu ya nyusi. La pili ni ushupavu wa ndani. Msalaba wa kulengea katika darubini dhaifu huhama kidogo kila risasi. Jaribio lake ni rahisi: piga risasi tatu, zungusha kirekebishi hatua 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini, kisha piga tatu tena. Makundi mawili yasipolala mahali pamoja, darubini hiyo irudishwe dukani. Iliyojazwa naitrojeni haiingiwi na ukungu ndani, jambo linalojulikana thamani yake asubuhi ya kwanza ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200.

Kinachoiua darubini nzuri mara nyingi ni pete na skrubu zake. Saa kadhaa za mawe kati ya Engaruka na Sale hulegeza kisichokazwa. Skrubu hukazwa zikiwa kavu, bila grisi, na tone la gundi yake. Pete za kutoka na kurudi haraka hulipa gharama yake pale lenzi inapovunjika na vilengeo vya chuma vinapohitajika papo hapo. Vilengeo hivyo navyo vijaribiwe kwa mita 50 kabla ya safari. Bolti ifutwe mafuta: majivu ya Lengai yakichanganyika na mafuta huwa msasa.

CZ imeacha kutengeneza 550, na mfululizo wa CZ 600 ulitoka 2021. Mnunuzi wa leo kwa kawaida hupata 550 au ZKK iliyokwisha kutumika, mara nyingi ikiwa haikupigwa risasi nyingi, kwa sababu wachache hupenda kuifyatulia mazoezini. Mtutu wake huwa karibu mpya. Pa kutazama ni mbao nyuma ya mkia wa mtambo na mbele ya magazini, kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa pembeni. Ufa ukionekana hapo, bei ishuke kwa gharama ya fundi, au bunduki irudi rafuni.