Kati ya Bamvua na Bamvua

Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mwezi wa Aprili: kaskazi imeshachoka na kusi haijakaza. Wenyewe huita wakati huu tanga mbili. Ndipo mashua iliyofanya kazi tangu Desemba inapopandishwa pwani kutengenezwa, kabla upepo wa kusi haujaanza kuipima.

Hupandishwa siku ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hapa hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na saa zake zinajulikana: hujaa mnamo saa 10 alasiri, hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Alasiri chombo kinasukumwa na maji mpaka pale ambapo maji mafu hayatafika. Asubuhi yake kimeshakaa mchangani, na kina mama wako mwambani, kanga zimekazwa kiunoni, wanachokoa pweza. Maji yaliyomletea fundi kazi ndiyo yaliyowafungulia wao mlango wa kitoweo.

Fundi ana siku kama 15, mpaka bamvua lijalo.

Kwanza gadi. Anakita miti ya mikoko ubavu huu na ubavu ule, anasukuma chombo kwa bega, anasikiliza, anahamisha gadi moja kwa upana wa kiganja. Anakwangua mwani na magamba. Kisha anawasha kuti kavu na kulipitisha chini ya mbao, mkono haukai mahali pamoja hata pumzi mbili. Moto uue kinachotoboa mbao, usiichome mbao yenyewe. Nyuma ya mkono wake ubao hubadilika rangi kidogo tu, unafuka, unanyamaza.

Kazi kubwa ni kalafati. Kwa ncha ya chuma iliyopinda anachomoa pamba kuukuu kwenye maungio ya mbao. Inatoka nyeusi, ina harufu ya chumvi na mafuta. Pamba mpya anaisokota pajani iwe kamba nyembamba, anaichovya katika mafuta, anailaza kwenye ufa. Halafu chembeu na nyundo. Pigo la kwanza lina sauti ya kitu laini. La tatu au la nne linagonga kavu, naye anasogea upana wa vidole viwili. Nilidhani sauti ikiwa kavu zaidi ndiyo heri. Sivyo. Mbao ikirudi majini hunywa na kuvimba. Ufa ulioshindiliwa kupita kiasi utazisukuma mbao zenyewe zing'oke kwenye misumari. Kwa hiyo anaacha nafasi ya maji ambayo bado hayajafika, na kipimo chake ni sikio.

Wapo wanaopaka rangi ya kopo juu ya pamba iliyooza. Siwalaumu sana, kopo ni rahisi na samaki hawangoji. Ila ubavu wa namna hiyo nimeuona ukibanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha.

Siku ya pili ya kazi, kina mama walipita wakirudi, vikapu vina chaza na kombe. Mmoja alisimama kumpiga pweza wake juu ya jiwe, mara nyingi, bila hasira, mpaka nyama ikalegea.

"Shikamoo fundi. Bado uko mstari ule ule wa jana?"

"Marahaba mwanangu. Huu ni wa pili."

Akamwachia mikono miwili ya pweza. Jioni ililiwa kwa tui zito, na mimi nilikaribishwa.

Siku za maji mafu zilipita na mvua mbili. Ikinyesha anafunika kwa turubai na kungoja. Ubao ulioloa haukalafatiwi. Mwisho alikoroga shahamu ya moto na chokaa, akaipaka kwa kiganja kuanzia mkukuni kwenda juu, hadi tumbo lote likawa jeupe. Hiyo ndiyo deheni. Hakutumia brashi hata mara moja. Kiganja, alisema, kinahisi shimo ambalo jicho limeliruka.

Bamvua likarudi. Saa 10 maji yalifika chini ya mkuku, gadi zikatolewa moja moja, mashua ikatikisika, ikaelea. Ikaanza kuvuja. Nahodha alinitazama, mimi nikamtazama fundi. Yeye aliingia chomboni na upo, akakaa karibu na ngama, akachota kidogo na kumwaga. Mbao zilikuwa zinakunywa. Magharibi alikuwa anachota mara chache zaidi. Usiku ulipoingia, aliweka upo kando akaomba kahawa.