Ulimi wa Binti Imamu

Kiswahili kimewapa majina ya heshima watu wengi wanaofanya kazi kwa maneno. Yupo malenga, yupo kungwi, yupo mshenga. Lakini yule bibi aliyeketi ndani, ambaye ukoo mzima unajua kwamba bila maneno yake nyumba ingekwisha kuuzwa zamani, hana jina. Akisifiwa sana, watu husema ana mdomo. Naona tumemdhulumu. Anachofanya ni ufundi kama ufundi wa seremala achongaye mlango, na wengi wameujaribu wakaharibu mbao.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi babu yangu alipofariki. Bibi akaingia eda, pazia likashushwa chumbani. Mwezi haujatimia, shemeji yake akaja na mtu mwenye kamba ya kupimia. Wakaanza kupima ua, kutoka kisimani hadi ukutani, na mimi nikapewa ncha ya kamba niishike. Bibi hakuweza kutoka. Sauti yake ikapita kwenye pazia, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeagiza chumvi: "Shemeji, mkimaliza hapo msisahau kwenda kupima na Mwanakwerekwe. Na kule kaka yako ana kiwanja."

Mwanakwerekwe ndiko tulikokuwa tumemzika babu. Aliyeanza kuikunja kamba ni yule mpimaji, ambaye hata hakuwa wa ukoo wetu.

Nimeyapima maneno yale miaka mingi tangu siku hiyo. Hayana tusi ndani yake. Hayana kilio, hayana hata kukataa: mwenye kutaka kujibu asingepata pa kuyashika. Kilichofanyika ni kwamba maiti aliletwa uani, akasimamishwa kati ya kisima na ukuta, kila mtu akamwona. Na neno "kaka yako" liliwekwa pale kwa makusudi. Angesema "mume wangu", angekuwa mjane anayelalamika. Aliposema "kaka yako", mlalamikaji akawa marehemu.

Katika fani hii, mwalimu ninayemrudia kila mara ni Bibi Moza binti Ahmad. Baba yake alikuwa Imamu Ahmad bin Said, aliyeuasisi utawala wa Albusaidi huko Oman, na katika historia za nchi ile hutajwa pia kwa nasaba yake, Binti Imamu. Mwaka 1804 ndugu yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, mtawala wa Maskati, aliuawa baharini karibu na Linga, upande wa Uajemi. Aliacha watoto, na mmoja wao aliitwa Said. Huyo ndiye Sayyid Said tunayemjua sisi, aliyeleta makao ya utawala wake Unguja na kuhimiza mikarafuu. Lakini mwaka ule alikuwa mtoto tu aliyefiwa na baba, katika mji ambao kila mkubwa aliutamani.

Habari za bibi huyu zimetufikia hasa kupitia kwa mjukuu wa ndugu yake, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaja kuitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani, na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme anasema baba yake alikuwa na umri wa miaka tisa wakati ule. Tarehe ya kuzaliwa inayokubalika, 1791, inampa kumi na tatu. Sioni kuwa ni kosa la kumlaumu. Hadithi za nyumbani ndivyo zinavyokwenda: kila zinaposimuliwa mtoto huzidi kuwa mdogo, na mwanamke aliyesimama mbele yake huzidi kuwa mrefu.

Mawaziri walipokutana kuzungumzia ni nani atakayeshika hatamu mpaka mtoto akue, Bibi Moza aliwaambia kuwa atazishika yeye. Hakuomba ushauri wao, alitoa taarifa. Salme anaeleza jinsi wakubwa wale walivyopigwa na butwaa, na jinsi ilivyowabidi tangu siku hiyo kwenda kwake kutoa habari na kupokea amri. Ada ya nyumba kubwa ilimtaka ajifunike mbele ya wanaume wasio maharimu, naye alijifunika kwa kadiri alivyoona inatosha, kisha akafanya kazi. Watu walisema. Waache waseme.

Mji ukazingirwa. Na waliouzingira hawakuwa wageni. Historia za Oman zinamtaja Qais bin Ahmad, mtawala wa Sohar, aliyeteremka pwani mwanzoni mwa mwaka 1805, akautwaa mji wa Matrah kisha akaibana Maskati. Qais alikuwa mtoto wa Imamu yule yule. Alikuwa ndugu yake Moza.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kazi yenyewe. Kumlinda mtoto na mgeni ni kazi ya ngome na mizinga. Kumlinda na ami yake, ambaye juzi mlikula naye sinia moja, ngome haitoshi, kwa sababu ami anawajua walinzi wako kwa majina. Anajua nani ana deni na nani hakupewa heshima yake. Ukuta wa namna hiyo hubomolewa kwa mnong'ono, na anayeweza kuuzuia mnong'ono ni yule tu anayejua kunong'ona.

Ndiyo maana, kati ya yote anayoyasimulia Salme, ninapokaa sana ni kwenye usiku mmoja. Bibi Moza alikuwa na desturi ya kuvaa mavazi ya kiume na kuzunguka kwa farasi usiku kukagua vituo vya walinzi. Ikamfikia habari kwamba adui ana mpango wa kuwahonga walinzi wafungue njia. Hakuwaita barazani kuwaapisha, wala hakuwahutubia juu ya uaminifu. Alikiendea kituo kimoja gizani, akaomba kusema na mkuu wao. Salme anamwita akid, na sisi Waswahili tunalo neno hilo hilo, akida. Akajifanya mjumbe wa adui. Akamtongoza akida wake mwenyewe kwa ahadi za mali na malipo makubwa, akimtaka aisaliti Maskati. Yaani amsaliti yeye.

Hebu tuitazame kazi aliyoifanya pale. Hongo dhaifu haimpimi mtu. Kama angesema maneno ya ovyo, akida angekataa naye asingejua lolote, kwa kuwa hata msaliti hukataa bei ndogo. Ilimpasa atunge maneno mazuri kabisa ambayo adui angeweza kuyasema. Ilimpasa amjue mtu wake kiasi cha kujua atalegea wapi, kisha aguse pale pale, na huku moyoni akiomba asilegee. Hapo msemaji anafanya juhudi yote ili ashindwe.

Akashindwa. Akida akawaka hasira, askari wakataka kumuua jasusi yule pale pale, na kilichomwokoa Bibi Moza ni akili ya haraka ya kujinasua. Karibu auawe na uaminifu wa watu wake. Sijui kama yupo kiongozi aliyewahi kupata jibu zuri kuliko lile.

Mengine ya vita ile ni mashuhuri zaidi nami nitayapita upesi. Njaa ikaingia mjini, baruti ikabaki ya pigano moja tu, risasi hakuna. Bibi Moza akaagiza zikusanywe misumari, vijiwe, vyombo vya chuma na shaba, kila kitakachoingia kwenye mtutu. Akafungua hazina yake, reale za fedha zikayeyushwa zikawa risasi. Wakatoka kwa ghafla na adui akatawanyika. Watu hupenda kuzisimulia reale zile kwa sababu zinang'aa. Mimi naamini mji uliokolewa kabla, usiku ule wa akida, kwa kuwa fedha iliyoyeyushwa haina faida kama mwenye bunduki amekwisha kununuliwa.

Sitaki kumchora kama malaika. Nyumba ilihitaji msaada dhidi ya Qais, akaitwa Badr bin Seif, aliyekuwa na urafiki na Mawahabi wa Najd. Badr alisaidia, kisha akajifanya mwenye nyumba, akawaondoa watoto Maskati na kuwapa vyeo mbali, Said akapelekwa Barka. Mwaka 1806, karibu na Barka, Said alimchoma Badr kwa jambia, na Badr alipojaribu kukimbia akafuatwa na kuuawa. Wanahistoria wanamtaja Bibi Moza kuwa miongoni mwa walioshauri iwe hivyo. Badr naye alikuwa mtoto wa ndugu yake. Seif na Sultan wote ni watoto wa Imamu Ahmad, kwa hiyo shangazi alichagua kati ya damu na damu. Nimejaribu kulitafutia jambo hili maneno ya kulipunguza uzito na sikuyapata. Ulimi ule ule uliomjaribu akida bila kumdhuru ulitoa shauri lililomaliza uhai wa mtoto wa nyumbani. Anayeusifu ufundi huu bila kulitaja hilo anasifu kitu kingine.

Kinachonigusa zaidi ni nani aliyekuwa akisimulia. Salme alipoandika juu ya bibi yake huyu, hakuwa mtazamaji wa mbali. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, aliingia katika njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao mwingine, Majid, aliyeshika utawala wa Unguja baada ya baba yao. Salme ndiye aliyekuwa mwandishi wa njama ile. Alikuwa amejifunza kuandika peke yake, kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, yeye na dada yake Khole walikwenda usiku wakasema wenyewe, kwa vinywa vyao, na mkuu wa walinzi. Watoto wa Sultani kusema na askari njiani! Mtu yule alistaajabu kiasi cha kuwaruhusu waingie, wakamtoa Barghash amejifunika kama mwanamke kati ya wanawake, akenda shamba la Marseille walikokuwa wafuasi wake.

Ni usiku wa Moza, umegeuzwa. Mwanamke wa nyumba kubwa, giza, mlinzi, maneno. Lakini Moza alisema na mlinzi ili ajue kama nyumba imara, na Salme alisema naye ili amtoe mtu akapigane na nyumba. Waingereza wakaingilia kati, watu wakafa shambani, Barghash akapelekwa Bombay, na ndugu waliokula pamoja hawakutazamana tena kama zamani. Salme mwenyewe aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani na kwingineko miaka mingi, akafia Jena mwaka 1924. Mikono iliyoandika sifa za Binti Imamu ndiyo iliyoandika barua za njama. Naamini ndiyo sababu sura ile ina joto kiasi kile. Mtu aliyepoteza nyumba kwa maneno ndiye anayejua thamani ya maneno yaliyoiweka nyumba.

Nina huzuni moja juu ya kitabu chake. Salme anaeleza kwamba katika kasri la Mtoni lugha ya kuzungumza mbele ya baba yake ilikuwa Kiarabu peke yake, lakini akigeuka tu kinasikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kinubi. Hadithi ya Bibi Moza aliisikia nyumbani, katika nyumba ya lugha zote hizo. Kisha akaiandika kwa Kijerumani, na wengi wetu tumeisoma kutoka tafsiri. Tunajua bibi yule aliwaambia mawaziri nini kwa maana yake. Hatuna tena namna alivyowaambia: neno lipi alilitanguliza, lipi alilitupa mwisho likachoma, kama aliinua sauti au aliishusha. Tunajua alimwahidi akida mali nyingi. Ile sentensi iliyomfanya akida ashike upanga imepotea.

Na ufundi wenyewe ulikuwa ndani ya sentensi. Kama mtu angekusimulia kwamba bibi yangu alimzuia shemeji yake asipime ua, ungeitikia kwa adabu na kusahau. Lazima uisikie "na kule kaka yako ana kiwanja", katika mpango ule ule, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi.

Basi ninaloomba kwa msomaji ni dogo. Kama kwenu yupo bibi au shangazi ambaye wakubwa wakimtaja hutabasamu na kutikisa kichwa, nenda ukakae naye. Usimwulize nini kilitokea, hayo utaambiwa na yeyote. Mwulize alisema vipi, na akishasema mwombe arudie. Andika kwa Kiswahili chake, cha Pemba kiwe cha Pemba, cha Lamu kiwe cha Lamu, usikinyooshe. Bibi yangu nilimwandika siku aliyofariki, kwenye daftari la shule, na kati ya yote aliyoyasema miaka themanini nilikuwa nimekumbuka sentensi kumi na moja.