Chandarua Chenye Dawa Juu ya Mdimu

Viwavi wale walishapotea kabla ya nyigu wa kwanza kufika. Waliotazama kipindi kile cha bustani kwenye televisheni wanaikumbuka sehemu yenyewe: mdimu mchanga kwenye pipa, viwavi wa kijani wa kipepeo wameshikilia majani, mwenye bustani anaingia ndani na kutoka na chandarua cha mbu. Akautandazia mti wote ili kuwakinga viwavi na nyigu, akakaza kamba shinani. Mtangazaji akapiga makofi. Heri viwavi wale wangeachwa wazi.

Chandarua kile ni cha aina inayogawiwa kliniki kwa wajawazito na watoto wachanga, yaani kina dawa ya kudumu. Dawa hizo, kama permethrini na deltamethrini, ni za kundi la pairethroidi, zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu anayezigusa, awe mbu, kipepeo au kiwavi. Mwenye bustani alijitetea kuwa chandarua ni kikuukuu na kimefuliwa sana. Utetezi huo hausimami. Shirika la Afya Duniani linataka vyandarua vya aina hii vibaki na nguvu hata baada ya kufuliwa mara 20, na vitumike miaka 3. Katika baadhi yake dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe tangu kiwandani, na ile ya juu ikipungua, nyingine hupanda polepole kutoka ndani.

Na kiwavi hatulii mahali pamoja. Akimaliza jani huhamia jingine, na siku zake za kuwa pupa zikikaribia huacha kula, akatangatanga kutafuta pa kujishikiza. Chandarua kikilala juu ya majani, lazima apite juu yake.

Ushahidi ulionekana kwenye kipindi chenyewe, kamera iliporudi pale mtini. Viwavi walikuwa wamelala chini, wazima kabisa kwa umbo, wamejikunja. Lawama zote zikabebeshwa nyigu. Lakini nyigu mwindaji haachi windo lake zima chini ya mti. Humng'ata kiwavi kwa taya, humtafuna mpaka awe tonge la nyama, kisha hulibeba tonge hilo hadi kiotani kuwalisha watoto wake. Yeye mwenyewe huishi zaidi kwa vitu vitamu kama nekta. Kama windo ni kubwa, hubeba kipande na kurudi kuchukua kilichobaki. Alipopita nyigu, kiwavi hukosekana. Mizoga mizima mingi chini ya chandarua chenye dawa ni kazi ya dawa.

Hata kisingekuwa na dawa, chandarua kile kilifungwa vibaya. Vipo vyandarua vyenye matundu yanayokaribia milimita 4, na kiwavi aliyejibanza kwenye wavu uliogusana na jani anafikiwa na taya kutoka nje. Ule uma wa rangi ya chungwa anaouchomoza nyuma ya kichwa, wenye harufu kali, haumtoshi kumkinga na nyigu mwenye njaa ya kiota kizima.

Mengine yalifanywa vizuri: pipa lilisimama juu ya matofali ndani ya beseni za maji, sisimizi wakakosa njia.

Safu hii imeshalalamikia vyandarua vya kliniki vinavyovuliwa dagaa na kuzungushiwa mabanda ya kuku, na italalamika tena. Mahali pake ni kitandani, juu ya mtoto.

Wanaotaka kuona kazi hii ikifanywa kwa ustadi waende Gede, karibu na Malindi. Mwaka 1993 mwanabiolojia Ian Gordon alianzisha pale mradi wa Kipepeo, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wakaanza kufuga vipepeo na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mkulima analipwa kwa pupa, kwa hiyo kiwavi aliyekufa ni hela iliyopotea. Watu wa namna hiyo hawaokoti wavu wowote uliopo ndani. Mfuko wa kitambaa safi chepesi, kama kile cha shela ya bibi harusi, huvishwa tawi moja lenye majani ya kutosha, hutanuliwa kwa pete ya waya ili kitambaa kisiguse majani, kisha hufungwa pande zote mbili. Majani yakiisha, viwavi huhamishiwa tawi jingine.

Mtangazaji aliyependekeza viota vya nyigu vichomwe naye ajibiwe. Katika miaka ya 1950, watafiti wa North Carolina waliweka masanduku ya viota kando ya mashamba ya tumbaku ili nyigu wa jenasi ya Polistes wawale viwavi wa zao hilo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo kutoka Brazili yaliyoonyesha nyigu wa jenasi hiyohiyo wakipunguza viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wadudu walewale walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Nyigu anayeogopwa kwenye mdimu ndiye anayesafisha sukuma wiki upande wa pili wa ua. Kinachohitaji kinga ni tawi lenye viwavi, na kiota kilicho mbali na mlango kiachwe.

Kwa mdimu ule sasa, majani yaliyogusana na chandarua yakatwe, na viwavi wapya wasubiri machipukizi mapya.

Jambo moja kipindi hakikuligusa kabisa: nyigu wadogo sana wa familia ya Pteromalidae, wenye urefu wa milimita chache, ambao hutaga mayai ndani ya pupa ikiwa bado laini. Hao hupenya matundu ambayo nyigu mkubwa hawezi kuyapita. Kitambaa chenye matundu madogo zaidi kinahitajika, na mfuko ufungwe kabla kiwavi hajaacha kula, si baada ya pupa kuonekana.