Nebukadreza Ukutani: Ukuu wa Mungu katika Nitaolewa Nikipenda

Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii imezoeleka kuhakikiwa kwa sentensi moja: kwamba inaupiga vita Ukristo. Mtahiniwa anayejibu hivyo huegemea maneno ya Gicaamba, yule mfanyakazi wa kiwandani anayeiona dini kuwa kileo cha maskini, kisha akaweka kalamu chini. Jibu hilo lina ukweli, ila linapuuza kilichotundikwa ukutani.

Tuyasome maelekezo ya jukwaa. Nyumbani kwa tajiri Ahab Kioi mna kibao kinachomtangaza Kristo kuwa kichwa cha nyumba, na picha ya Nebukadreza mwenye manyoya akigeuka mnyama. Picha hiyo imetoka Danieli 4. Mfalme wa Babeli anajisifu kwa mji alioujenga; papo hapo anafukuzwa miongoni mwa watu na kula majani kama ng'ombe, hadi akiri kwamba Aliye Juu ndiye atawalaye falme za wanadamu. Kibao nacho kinatukumbusha Waraka kwa Wakolosai, unaofundisha kwamba enzi zote na mamlaka zote, za mbinguni na za duniani, ziko chini ya Kristo. Kioi, mkurugenzi wa benki na mwenye mashamba, ameitundika hukumu yake mwenyewe kama pambo! Kwangu mimi, kinaya hiki kinamwumbua kuliko hotuba yoyote ya Gicaamba.

Majina nayo yanaafiki. Mkewe Ahab Kioi anaitwa Jezebel. Katika 1 Wafalme 21, Mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa kutoa urithi wa baba zake, na Yezebeli anaandika barua zenye muhuri wa mfalme. Nabothi anapigwa mawe. Kiguunda wa tamthilia, mwenye ekari moja na nusu tu, hapigwi jiwe hata moja. Anashawishiwa aitakase ndoa yake kanisani, anaweka hati ya shamba rehani benki ili apate gharama za arusi, na mwishowe shamba linanadiwa, mnunuzi akiwa Kioi. Muhuri wa mfalme umekuwa barua ya benki.

Mwalimu awaelekeze wanafunzi pia kwenye ukuta wa Kiguunda. Mwanzoni ulikuwa na hati ya shamba. Baada ya mkopo, una kibao na picha vilevile vya kwa Kioi. Lakini picha ikihama nyumba, maana yake inabadilika. Kwa Kioi, Nebukadreza ni onyo kwa mtawala, onyo ambalo mwenyewe halisomi. Kwa Kiguunda ni onyo la nini? Hana mji wa kujivunia. Fundisho lililowateremsha wafalme limefika kwa maskini likiwa amri ya kunyenyekea. Hapa ndipo dhamira ya dini katika tamthilia inapokaa: mwenye mali ameufanya ukuu wa Mungu uwabane walio chini yake, naye mwenyewe akajitoa.

Hata hivyo tusiwafanye waandishi wahubiri. Hakuna Eliya anayekuja kumhukumu huyu Ahab, na baragumu linalosikika mwishoni ni la wafanyakazi. Waandishi wameiazima lugha ya hukumu kutoka katika Biblia, wakawaachia wanyonge walioungana kazi ya kuitekeleza. Mwanafunzi muumini ana haki ya kutokubaliana nao hapo, mradi aonyeshe kwamba amekiona kilichoazimwa. (Tamthilia ilipoigizwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, serikali iliizuia na Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, sidhani ni kwa sababu ya kuitetea Biblia.)

Muungano huo ni muhimu kwa sababu mtu mmoja hatoshi. Kiguunda anapojaribu kuwa Eliya peke yake, akimshikia Kioi upanga kifuani, anayeingia ni Jezebel, na mkononi ana bastola.