Mkuju: Mbinu Ikibadilika, Kibali Nacho Kianze Upya

Julai 2012, mjini Saint Petersburg, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili kipande cha kusini, upande wa Namtumbo, kitoke katika eneo la urithi. Kipande chenyewe hakifiki asilimia 1 ya pori lote, lakini chini yake kuna urani ya Nyota, mradi ambao huku Songea tunauita Mkuju. IUCN, washauri wa kitaalamu wa Kamati, walikuwa wameshauri ombi likataliwe. Kamati ikalikubali, ikisisitiza kuwa ni uamuzi wa kipekee.

Njia ya kufika hapo ilishafunguliwa nyumbani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inazuia uchimbaji katika mapori ya akiba, lakini ikaacha mlango kwa vitu vitatu: mafuta, gesi na urani, kwa masharti ambayo tathmini ya athari kwa mazingira ni mojawapo. Mwaka 2011 kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi huo, Mantra, ilinunuliwa na ARMZ ya Urusi, na uendeshaji ukaenda kwa Uranium One. Kikapatikana cheti cha mazingira, na Aprili 2013 ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji.

Makaratasi hayo yote yalijengwa juu ya mgodi wa shimo la wazi: chimba, ponda, chakata kiwandani, hifadhi mabaki. Hatari za mgodi wa aina hiyo zinajulikana, yaani vumbi, mabwawa ya mabaki na maji yanayotiririka juu ya ardhi. Lakini bei ya urani ilishuka baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, mradi ukasuasua, na mwekezaji akaanza kuchunguza mbinu nyingine: kuyeyusha urani hukohuko chini bila kuchimba shimo.

Hapo ndipo nasema mradi uligeuka kuwa mradi mwingine. Katika mbinu hii maji yaliyochanganywa na kiyeyushi, mara nyingi asidi ya salfuriki, husukumwa kwenye visima vya kuingizia, yakapita katika mwamba wa mchanga wenye madini, kisha yakavutwa juu kupitia visima vya kutolea yakiwa yamebeba urani. Tabaka la madini lazima liwe ndani ya maji ya ardhini, na juu na chini yake pawe na tabaka la mfinyanzi lisilopitisha. Swali kuu basi ni lile analoulizwa pia anayetaka kuhifadhi gesi kwenye mwamba wenye maji: kifuniko hicho kipo, na kinashika?

Jibu lake halipatikani kwenye ramani. Hupatikana kwa jaribio la kuvuta maji. Kisima kimoja kinavutwa kwa siku kadhaa mfululizo, huku vipimo vikisomwa katika visima jirani, vingine vikiwa vimeishia kwenye tabaka lenye madini na vingine kwenye tabaka la juu ya mfinyanzi. Maji ya tabaka la madini lazima yashuke. Yakishuka na yale ya juu, mfinyanzi unavuja, na mpango wote unarudi mezani. Ndiyo maana ninaliona jaribio hili kuwa hati muhimu kuliko leseni yenyewe. Maji ya mto Mkuju huishia mto Luwegu, na Luwegu huingia Rufiji.

Jaribio hilo ni sharti la kwanza; la pili ni la visima vya zamani. Utafiti wa madini huacha matundu mengi ardhini, na kila tundu lisilozibwa vizuri kwa saruji ni njia ya kiyeyushi kupanda juu. Huko Aliso Canyon, California, kisima kilichochimbwa 1953 kutafuta mafuta kiligeuzwa baadaye kuwa cha kuhifadhia gesi. Oktoba 2015 kikapasuka, kikavuja hadi Februari 2016, na maelfu ya familia zikahama. Kisima hicho kiliruhusiwa kwa kazi moja kikapewa nyingine.

Waingereza huko Preesall, Lancashire, walikuwa wagumu zaidi. Mpango wa kuhifadhi gesi kwenye mapango ya chumvi ulikataliwa zaidi ya mara moja, na hoja kubwa ilikuwa kwamba taarifa za jiolojia hazijatosha. Kukataliwa kwa 2013 kulitenguliwa mahakamani 2014, na kibali kikatoka 2015. Miaka mingi ilipotea, lakini mjadala ulikuwa juu ya mwamba, mahali unapopaswa kuwa.

Kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatoa nafasi ya kuagiza tathmini mpya pale mradi unapobadilika kwa kiasi kikubwa. Shimo la wazi kugeuka visima vya asidi ni badiliko kubwa kwa kipimo chochote, na tathmini hiyo isifanywe kwa kuongeza kurasa nyuma ya ile ya zamani. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani Namtumbo, kwa hiyo mradi uliolala sasa umeamka, na maamuzi ya mbinu yako karibu.

Kuna pengo jingine linaloniuma. Eneo la mgodi lilikuwa ardhi ya hifadhi, si ardhi ya kijiji, hivyo mkutano mkuu wa kijiji haukuwa na kura juu yake. Watu wa kijiji cha Likuyu Seka, ambao barabara ya mradi inapita kwao, mlango wao wa kisheria ni mikutano ya kukusanya maoni wakati wa tathmini. Bila tathmini mpya, hata mlango huo umefungwa. Ukifunguliwa, waletewe matokeo ya jaribio la maji kwa Kiswahili, pamoja na ramani ya kila kisima cha utafiti na rekodi ya kuzibwa kwake, wiki kadhaa kabla ya mkutano, na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na Tume ya Nguvu za Atomu wawepo kujibu maswali.