Msomaji Naye Alikuwepo Ukumbini

Mwandishi wa habari za Bunge ana nafuu moja ambayo mhakiki wa burudani hana: wasomaji wake wengi hawakuwepo. Waziri akijibu swali Dodoma, mkulima wa Masasi atalipata jibu hilo kupitia kalamu ya mtu mwingine, na kalamu ikiteleza hatajua upesi. Anayeandika kuhusu usiku wa taarab, filamu ya Kibongo au albamu mpya hana kinga hiyo. Filamu yenyewe msomaji keshaiangalia kwenye simu, wimbo anaujua ubeti kwa ubeti, na ukumbini pengine alikaa karibu na jukwaa kuliko mwandishi. Hababaishwi na jina la gazeti. Vyumba vingi vya habari humtupia kazi hii mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa imani kwamba ni nyepesi na haiwezi kumharibia mtu. Mimi naona kinyume: hili ndilo darasa gumu kuliko yote ya uandishi, na uzuri wake wote unatokana na ugumu huo. Mwandishi hapa anatakiwa kuona zaidi ya mtu ambaye tayari ameona.

Mwanafunzi huanza na akiba ya maneno aliyoyaokota katika kurasa za burudani. Msanii "alikonga nyoyo za mashabiki", ukumbi "ulifurika pomoni", bendi "ilitoa burudani ya aina yake". Si maneno ya uongo. Ubaya wake ni kwamba yangeweza kuandikwa kabla onyesho halijaanza, na tukisema kweli, mengine huandikwa hivyo. Chukua taarab, hasa ule ushindani wa miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam baina ya vikundi vya Muungano na TOT, enzi ambapo Nasma Khamis na Khadija Kopa walikuwa wakijibizana kwa mipasho. Mwanamke anainuka na noti, anacheza pole pole hadi jukwaani, anamtunza mwimbaji. Lakini hainuki ovyo. Anainuka kwenye ubeti uliomgusa, au ule unaomgusa aliyekaa meza ya pili, na huenda akazunguka njia ndefu makusudi ili apite mbele ya huyo mlengwa, noti juu. Mwenzake naye anaweza kusimama kuutunza ubeti uleule, na hapo ndipo vita vinapoanza. Anayeandika kwamba "mashabiki walimtunza fedha" ameripoti fedha. Anayetaja ubeti gani uliwainua watu, nani alisimama na nani aliendelea kukaa huku akitazama glasi yake, amehakiki shairi, sauti na mtaa mzima kwa sentensi mbili, bila kuhitaji kivumishi hata kimoja. Kujizuia huko hufunzwa, na huchukua muda.

Watu makini husema kwamba haya yote ni anasa. Nchi ina njaa na mikataba mibovu, kalamu ziende huko. Jibu langu ni fupi kwa sababu historia yetu imeshalitoa. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba "Kijiti", wimbo unaosimulia kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni Unguja na jinsi mtuhumiwa alivyotoroka. Atakayeuhakiki wimbo huo bila kuuliza mahakama ilifanya nini hajauhakiki. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", wimbo kuhusu kondomu wakati ukimwi ukiteketeza familia, Radio Tanzania haikuupiga. Hapo ukurasa wa burudani uko umbali gani na ukurasa wa afya, au ule wa siasa?

Filamu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi mwanafunzi anavyokua. Tuseme amepewa filamu moja ya zile zilizotawala soko la diski katika enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012. Honi inalia. Mlinzi anatoka kibandani, anafungua upande mmoja wa geti, kisha wa pili. Gari linaingia taratibu na kuegeshwa. Dereva anashuka, anafunga milango kwa rimoti, anapanda barazani, anabonyeza kengele, anasubiri. Mpaka hapo hakuna aliyesema neno. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataandika kwamba filamu inachosha, na hajakosea, ila hata mtoto pale sebuleni keshasema hivyo. Mwanafunzi aliyepiga hatua atauliza lile geti linamlipa nani. Jibu liko dukani: hadithi moja iliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na mnunuzi alilipia zote. Hadithi isiyofika mbali ilibidi ivutwe, na kitu rahisi kuvuta ni mtu anayeingia nyumbani kwake. Tena geti, jumba na gari vilikuwa sehemu ya bidhaa. Mtazamaji aliyekaa chumba kimoja alitaka kuviona. Akifika hapo, mhakiki amempa mtazamaji sababu ya uchovu ambao mtazamaji mwenyewe aliuhisi bila kujua ulikotoka.

Halafu kuna hatua ya tatu, ambayo ndiyo huifanya kazi hii ipendwe. Mhakiki mwenye masikio atakumbuka kwamba soko liliwahi kuikata sanaa vipande viwili kabla ya diski hizo. Santuri ndogo za zamani hazikutosha wimbo mzima wa dansi, iwe rumba ya Kongo au ya hapa kwetu. Wimbo ukakatwa katikati, msikilizaji akaigeuza santuri kusikia uliobaki. Wanamuziki hawakukaa wakanung'unika. Upande wa kwanza wakauachia mashairi, kisa na malalamiko ya mapenzi, upande wa pili wakaufanya uwanja wa magitaa, pale chemko linaposhika na wachezaji wanapovua makoti. Sharti la mfanyabiashara likawa umbo la muziki wenyewe. Filamu nyingi za diski mbili hazikufanya hivyo. Sharti lilibaki sharti, na geti likabaki geti. Hukumu ya namna hii ni kali kuliko kusema "inachosha", lakini haimdhalilishi mtu, kwa sababu imeonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana, tena imefanywa na watu wa hapahapa.

Katika makala ya wasifu kanuni ni ileile, ila anayetazamwa sasa ni mtu. Mwanafunzi huamini kwamba bila mahojiano na nyota hakuna makala. Mwandishi Gay Talese alitumwa kumwandika mwimbaji Frank Sinatra, Sinatra ana mafua na hataki kuzungumza. Talese akakaa na wanaomzunguka, akatazama, na makala iliyotoka katika jarida la Esquire Aprili 1966 bado inasomwa na kila anayejifunza ufundi huu. Sisi tunao mfano wa karibu zaidi, na nashangaa hautajwi sana madarasani: Shaaban Robert, mtu wa tungo nzito na maadili, aliona Siti, mwimbaji wa Fumba aliyewahi kuzunguka mjini akiuza vyungu, anastahili kuandikiwa wasifu kwa nathari ile ile aliyowaandikia wengine. Hakumwinamia kana kwamba anamfadhili.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi hutoka kwa wasanii. Wanasema sanaa yetu bado changa, fedha hakuna, wezi wa kazi ni wengi, na mhakiki naye anakuja kuwakatisha tamaa. Yapo ya kweli humo. Sentensi moja ya dhihaka inaweza kumnyima msanii mpya mkate, na mwanafunzi mwenye kalamu kali huifurahia dhihaka kabla hajaimudu haki. Ukali wa maneno uendane na ukubwa wa jina. Lakini uchanga huo umedumu mno. Vikundi vya beni vya pwani, Kingi na Scotchi, Arinoti na Marini, vilishindana mbele ya halaiki tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kusikia hukumu palepale. Malenga wamekosoana magazetini vizazi na vizazi, mizani ikipungua mtu anaambiwa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964, Mlimani Park 1978, na mashabiki wa bendi hizo, Msondo na Sikinde, hawajawahi kuhurumiana. Kinachowavunja wasanii moyo, nadhani, ni udaku, ambao hujaza kurasa kwa habari za vyumba vyao vya kulala na kutosema lolote kuhusu kazi waliyoihangaikia mwaka mzima. Wapo pia wanaosema idadi ya watazamaji YouTube imemaliza kazi ya mhakiki. Idadi hiyo inatuambia wangapi walifungua. Haituambii waliona nini, wala kwa nini nusu yao hawakufika mwisho.

Kuhusu bahasha ya promota sina mengi: aliyeipokea ameandika tangazo.

Kazi iliyopo mbele ya mwanafunzi wa leo si haba. Chukua singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na muziki wa uswahilini ukaanza kuchambuliwa na majarida ya Ulaya yaliyosifu kasi yake. Wachambuzi wale walisikia kasi, maneno hayakuwafikia. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayasikia, anajua kwamba kinanda kidogo cha singeli kilipitia kwenye mchiriku, anatambua kipande cha taarab kilichokatwa na kuharakishwa, na anajua kigodoro ni shughuli ya nani na majirani husema nini usiku ule. Aanze na swali dogo la kiufundi: katika mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, MC anavuta pumzi wapi? Akisikiliza kwa makini atagundua kwamba mahali hapo huamua urefu wa mstari, na urefu wa mstari huamua ni matusi gani, dua gani na majina gani ya mitaa yanaweza kuingia humo.